Kipimo Hujibu Kilichoulizwa: Tezi ya Shingo kati ya Kivu na Brussels

Mkazi wa Brussels anayelemewa na uchovu usioisha, baridi ya mwilini, nywele kukatika na uzito unaopanda bila sababu hufika kwa daktari wa familia, hutolewa damu, na baada ya muda mfupi hupata karatasi ya maabara ambayo mstari wake mkuu ni mmoja: TSH. Namba ikiwa kati ya takriban 0.4 na 4, ataambiwa tezi yake ya shingo ni nzima. Ikipanda sana, ataandikiwa kidonge ambacho huenda akakimeza maisha yake yote. Utaratibu huu hulaumiwa kutoka pande mbili. Wapo wanaosema kipimo hiki hakijali mateso ya mgonjwa, na wapo wanaosema tunapimwa kupita kiasi hata watu wazima wa afya wanageuzwa wagonjwa. Pande zote mbili zina sehemu ya ukweli, na zote mbili zinaelekeza lawama pasipostahili. Kipimo cha homoni hujibu kile tu kilichoulizwa, na swali zuri huanza na mwili wenyewe: umetoka wapi, umekula nini, una umri gani, una mimba au hauna, unatumia dawa zipi. Jiji la Brussels lina sababu ya pekee ya kulijua jambo hili, kwa kuwa wanasayansi wake walilijifunza kwenye miili ya watu wa Kivu na Ubangi, na watoto wa watu hao leo ni miongoni mwa wagonjwa wake.

Tezi yenyewe, ambayo vitabu vya afya vya Tanzania huiita tezi dundumio, huvuta madini joto, yaani iodini, kutoka kwenye damu na kuyatengeneza kuwa homoni mbili. T4 ndiyo inayotoka kwa wingi, lakini zaidi ni akiba; viungo vya mwili huiondolea chembe moja ya iodini ikawa T3, na hiyo ndiyo inayoamua mwili uchome chakula kwa kasi gani, moyo upige vipi na ubongo wa mtoto ukue vipi. Chini ya ubongo kuna tezi nyingine ndogo inayolinda kiwango cha homoni hizo na kutoa amri ziongezwe au zipunguzwe. Amri hiyo ndiyo TSH. Kwa hiyo namba inayosomwa kwenye karatasi ni sauti ya msimamizi, wala si kazi ya tezi ya shingo yenyewe. Ni sauti yenye hisia kali: T4 ikishuka kidogo tu, TSH huweza kupanda maradufu, na ndiyo maana hakuna kipimo cha kwanza kilicho bora kuliko hiki. Hata hivyo amri kali inatuambia tu kwamba kazi imepungua. Haisemi kama iodini ndiyo haikufika, au kuna kitu kinachoizuia isiingie, au kinga ya mwili inaishambulia tezi, au dawa fulani imevuruga mambo.

Tofauti hiyo kati ya dalili na chanzo ilionekana wazi kabisa katika kisiwa cha Idjwi, ndani ya Ziwa Kivu. Mwaka 1947 serikali ya kikoloni ya Ubelgiji katika Kongo ilianzisha taasisi ya utafiti iliyojulikana kwa kifupi kama IRSAC, na kituo chake kikajengwa Lwiro, si mbali na Bukavu. Katika miaka ya 1960 madaktari wa Université Libre de Bruxelles, akiwemo François Delange pamoja na wenzake Thilly na Ermans, walichunguza kisiwani humo rovu, ule uvimbe wa shingo unaotokea tezi inapojitanua ili inase iodini kidogo iliyopo. Elimu ya wakati huo ilisema jambo ni rahisi: iodini ikikosekana ardhini, watu huota rovu. Lakini Idjwi ilikataa urahisi huo. Upande wa kaskazini zaidi ya nusu ya watu walikuwa na rovu, na kulikuwa na watoto waliozaliwa na udumavu mzito wa akili na mwili. Kusini-magharibi mwa kisiwa hicho hicho wenye rovu walikuwa wachache sana. Iodini ilikuwa haba pande zote mbili kwa kiwango kilekile. Katika matokeo waliyochapisha mwaka 1968, watafiti hao walikiri kwamba uhaba wa iodini hufungua mlango tu, na lazima kuwe na kingine kinachoingia.

Hicho kingine kilikuwa jikoni. Mihogo michungu ina sumu ya sayanidi, na isipolowekwa na kuanikwa vya kutosha, ini huibadilisha sumu hiyo kuwa thiosayaneti, kemikali inayoshindana na iodini mlangoni mwa tezi. Mwenye iodini ya kutosha hula muhogo wake bila hofu. Asiye nayo, kila sahani humpunguzia kile kidogo alichonacho. Halafu uchunguzi wa kaskazini mwa Kongo, huko Ubangi, ukaongeza jambo la tatu. Mwaka 1990 kundi la watafiti la Vanderpas lilionyesha kwamba watu wa huko walipungukiwa pia na seleniamu, madini ambayo tezi huyahitaji ili kujikinga na sumu za kazi yake yenyewe, na ambayo mwili huyahitaji ili kugeuza T4 kuwa T3. Hapo mtu angedhani dawa ni kuwapa seleniamu. Bernard Contempré na wenzake walipofanya hivyo, matokeo waliyochapisha mwaka 1991 yalikuwa onyo: kwa wagonjwa ambao tezi zao zilikuwa zimedhoofika tayari, T4 ilishuka zaidi na TSH ikapanda. Kurudisha seleniamu kabla ya iodini kuliharakisha matumizi ya homoni ambayo tezi haikuweza kuifidia. Upungufu mmoja ulikuwa umesimama kama kizuizi cha madhara ya upungufu mwingine, na aliyeziba pengo moja bila kuangalia la pili alimdhuru mgonjwa.

Tiba ya umma nayo ilitoa somo lake. Sindano moja ya mafuta yenye iodini ilitosha kumkinga mtu kwa miaka kadhaa, na mwaka 1993 Shirika la Afya Duniani na UNICEF waliafikiana kwamba njia kuu iwe kutia madini joto kwenye chumvi yote ya chakula. Nchi za Afrika Mashariki na Kongo zikaifuata njia hiyo, na ni vigumu kutaja hatua nyingine ya gharama ndogo kiasi hicho iliyookoa akili za watoto wengi kiasi hicho. Lakini mwaka 1996 watafiti wa Brussels pamoja na wenzao waliripoti kutoka Kivu jambo ambalo wachache walilitazamia: baadhi ya watu wazima wenye rovu la miaka mingi walipata ugonjwa wa kinyume, tezi inayokimbia, mapigo ya moyo ya kasi, kukonda na kutetemeka mikono. Katika rovu la zamani huwa kuna vinundu vilivyozoea kufanya kazi bila kusubiri amri ya ubongo. Vikiwa na njaa ya iodini havidhuru. Vikishiba ghafla, humwaga homoni. Hakuna mwenye busara aliyesema chumvi iondolewe, maana faida yake ilikuwa kubwa mno kuliko madhara yake. Somo lilikuwa kwamba kipimo kilekile cha iodini humfaa mtoto wa jirani na huweza kumwumiza bibi yake.

Yote haya yangebaki historia ya maktaba kama watu wa Kivu wangebaki Kivu. Leo ukipita Matonge, kata ya Ixelles iliyo karibu na Porte de Namur, utasikia Kiswahili cha Bukavu, Goma, Lubumbashi na Bujumbura kati ya maduka ya sombe (majani ya muhogo), unga wa muhogo na samaki wa chumvi. Miongoni mwa wazee wa jamii hiyo wapo waliokulia katika vijiji vya rovu kabla ya chumvi kubadilishwa. Mzee wa namna hiyo akipelekwa hospitali kupigwa picha ya skana, hudungwa dawa ya kung'arisha mishipa yenye iodini inayozidi mahitaji ya siku kwa maelfu ya mara. Akipata tatizo la mapigo ya moyo, huenda akaandikiwa amiodaroni, dawa iliyobuniwa Ubelgiji kwenyewe mwaka 1961 katika kampuni ya Labaz, ambayo zaidi ya theluthi ya uzito wake ni iodini. Kwa mgonjwa aliyekulia pwani ya Ubelgiji huu ni utaratibu wa kawaida. Kwa mwenye vinundu vya zamani shingoni, ni marudio ya yaliyotokea Kivu, safari hii ndani ya chumba kisafi cha hospitali. Kipimo cha TSH kabla ya dawa hizo, na kingine wiki chache baadaye, kingetosha kumlinda. Hakifanyiki kwa kubahatisha. Hufanyika pale tu mtu alipouliza mgonjwa alizaliwa wapi na kama shingo yake, au ya mama yake, iliwahi kuvimba.

Kwa kijana wa kike aliyehamia karibuni hatari ni ya upande wa pili. Ametoka katika nchi ambako chumvi ya dukani hutiwa madini joto kwa sheria, akafika katika nchi ambako hilo ni hiari. Ubelgiji yenyewe imekuwa na upungufu mdogo wa iodini kwa muda mrefu, na ndiyo maana mwaka 2009 wizara ya afya ilifikia makubaliano na waoka mikate watumie chumvi yenye iodini. Uchunguzi wa kitaifa uliofuata ulikuta watoto wa shule wamevuka kiwango cha chini, wakiwa na wastani wa mikrogramu 113 kwa lita ya mkojo, ambapo kinachotakiwa ni 100. Wajawazito walikuwa na 124, ilhali kwao kinachotakiwa ni 150. Anayekula ugali na wali kuliko mkate, na anayenunua chumvi ya kawaida kwa sababu ni rahisi, hafikiwi vizuri na mpango uliojengwa juu ya mkate. Katika miezi ya kwanza mtoto tumboni hutegemea T4 ya mama peke yake. Basi swali la mkunga kwa mwanamke huyu lihusu chumvi iliyopo jikoni kwake pamoja na damu yake, maana TSH inaweza kuonekana njema huku iodini ikiwa haba.

Palipo na swali lililo wazi, kipimo kimoja hutenda makubwa. Mtoto yeyote anayezaliwa Ubelgiji huchomwa kisigino katika siku zake za mwanzo, tone la damu likakaushwa kwenye karatasi na kupimwa, miongoni mwa mengine, TSH. Uchunguzi wa tezi kwa njia hiyo ulianzia Quebec mwaka 1974 kwa juhudi za Jean Dussault, na Brussels ilikuwa kati ya miji iliyoupokea mapema barani Ulaya. Mtoto aliyezaliwa bila tezi inayofanya kazi, akianza dawa katika wiki zake za kwanza, hukua na akili timamu. Akicheleweshwa miezi, hasara hairudi. Delange na wenzake waliongeza matumizi mengine: ikiwa watoto wachanga wenye TSH zaidi ya 5 ni chini ya asilimia 3, jamii yao ina iodini ya kutosha. Hospitali nyingi za Afrika Mashariki bado hazina desturi ya uchunguzi huu wa kisigino, na hapo malalamiko kwamba tunapimwa mno hayana nafasi kabisa.

Pingamizi la kwanza na lenye uchungu zaidi hutoka kwa wagonjwa wenyewe: namba zangu ni njema, mbona bado naumwa? Lisidharauliwe. Katika kila watu mia wanaotumia levothairoksini, yaani kidonge cha T4, na TSH yao ikiwa sawa, wapo kati ya watano na kumi wanaoendelea kulalamika uchovu na ukungu wa akili. Tezi nzima hutoa na T3 kidogo, ilhali kidonge cha kawaida kina T4 pekee, hivyo dhana kwamba baadhi ya miili haiigeuzi vya kutosha ina mantiki. Majaribio ya kuchanganya dawa hizo mbili, hata hivyo, kwa jumla hayakuonyesha nafuu kubwa kuliko T4 peke yake, na ndiyo maana mwongozo wa madaktari wa tezi wa Ulaya wa mwaka 2012 uliruhusu jaribio la muda chini ya uangalizi wa bingwa, bila kulifanya tiba ya wote. Lakini swali sahihi mara nyingi liko nje ya tezi. Upungufu wa damu, vitamini D iliyoshuka kwa ngozi nyeusi chini ya mawingu ya kaskazini, usingizi wa mtu anayesafisha ofisi usiku, sonona ya aliyeacha familia vitani, zote hizi hujidhihirisha kwa uchovu uleule. Kumwambia mtu kwamba tezi yake ni nzima ni jibu kamili la swali la tezi, na ni kosa kulichukulia kuwa jibu la swali la ugonjwa wake.

Kinyume chake kuna namba iliyopita mpaka kidogo, tuseme 6, kwa mtu ambaye T4 yake ni ya kawaida. Hapa ndipo vidonge vingi visivyo na faida huanzia. TSH hupanda polepole kwa umri, hupanda baada ya homa kali, na mara nyingi hurudi yenyewe ikipimwa tena baada ya miezi miwili mitatu. Jaribio kubwa lililochapishwa mwaka 2017 liliwafuatilia wazee 737 wa nchi nne za Ulaya wenye hali hiyo. Waliomeza levothairoksini hawakupata nafuu ya dalili wala ya uchovu kuliko waliomeza kidonge kisicho na dawa. Mwaka 2019 jopo la kimataifa likashauri watu wazima wa kundi hili wasipewe homoni kwa mazoea, likiwaacha kando wanawake wanaotafuta mimba na wale ambao TSH yao imepita 20. Wala dawa iliyozidi si salama: huchosha moyo na kula mifupa ya mwanamke aliyekoma hedhi.

Wengine hujibu kwamba, kama namba haitoshi, basi vipimwe vyote: kingamwili, T3, picha za shingo kila mwaka. Hoja hii huvutia kwa sababu mfuko wa bima hulipa sehemu kubwa ya gharama na kujua zaidi huonekana hakudhuru. Ubelgiji inao ushahidi wake wa kinyume. Utafiti wa Annick Van den Bruel na wenzake wa mwaka 2013 ulilinganisha mikoa ya nchi na kukuta saratani ya tezi iligunduliwa zaidi Brussels na Wallonia kuliko Flanders, na tofauti hiyo iliendana na wingi wa picha na upasuaji wa shingo. Nchini Korea Kusini, ambako picha za shingo ziligeuka desturi, saratani hiyo iliongezeka mara 15 kati ya 1993 na 2011, ilhali vifo havikubadilika. Vinundu vidogo vimejaa katika shingo za watu wazima, na vingi havingewahi kumsumbua mwenye navyo. Anayevitafuta bila sababu atavipata, na huenda akalipa kwa kovu, sauti iliyokwaruzwa na kidonge cha maisha. Picha ya shingo ni ya yule ambaye uvimbe unashikika au kipimo cha damu kimetoa sababu.

Pingamizi la tatu ni la wanaoamini tiba ya asili: vidonge vya mwani, seleniamu ya dukani, kuacha kabisa muhogo na kabichi. Waliosoma habari za Ubangi na Kivu watajua kwa nini tahadhari inahitajika. Mwani humwaga iodini isiyopimwa kwenye tezi ambayo huenda ina vinundu, au ambayo inashambuliwa na kinga ya mwili kwa ugonjwa ulioelezwa na Mjapani Hashimoto mwaka 1912, na kwa hali zote mbili ziada hudhuru. Seleniamu humfaa aliyepungukiwa nayo. Muhogo uliolowekwa na sombe iliyopikwa vizuri havina kosa kwa mwenye iodini ya kutosha. Hata vidonge vya urembo vya nywele na kucha huingia humu: biotini iliyomo huvuruga mashine za maabara nyingi na kuonyesha ugonjwa ambao haupo, hivyo iachwe siku mbili tatu kabla ya kutoa damu na daktari aambiwe.

Kwa mwenye haja ya kweli ya dawa, kuishi nayo ni nidhamu ndogo ya kila siku. Levothairoksini humezwa tumbo likiwa tupu, nusu saa hadi saa moja kabla ya kifungua kinywa na kahawa, na saa nne mbali na vidonge vya chuma au kalsiamu. Anayefunga Ramadhani anaweza kuimeza wakati wa kulala, saa tatu baada ya chakula, na faida ikabaki. T4 huchukua takriban wiki moja kupungua nusu mwilini, kwa hiyo kupima tena kabla ya wiki sita kupita ni kupoteza damu. Anayesafiri kwenda nyumbani kwa miezi kadhaa achukue dawa za kumtosha, azilinde na joto, na akilazimika kubadili aina apimwe upya. Mwanamke aliye kwenye dawa akishika mimba asisubiri miadi ya kawaida, maana dozi yake huhitaji kuongezwa mapema.

Linabaki pingamizi la madaktari wenyewe: miadi ni mifupi, na mgonjwa mwenye Kifaransa kidogo hawezi kusimulia historia ya kijiji chake. Lakini maswali yanayohitajika hayazidi matano: ulikulia wapi, kuna rovu katika ukoo, unatumia chumvi gani, una mimba au unaitafuta, unameza dawa na vidonge gani. Yanaweza kuchapwa kwa Kiswahili kwenye karatasi moja na kujazwa kwenye chumba cha kusubiri, na gharama yake ni ndogo kuliko ya picha moja ya shingo isiyohitajika. Sifa ya Brussels katika elimu ya tezi ilijengwa na watu wa Idjwi na Ubangi waliotoa damu na mkojo wao, wengi wao bila kujua vingeandikwa nini juu yao. Elimu hiyo ilithibitisha kwamba namba moja husema mambo tofauti kwa watu wenye historia tofauti. Mgonjwa wa Matonge anayo haki ya kunufaika nayo kwanza, na njia ya kumpa haki hiyo ni kumwuliza maswali hayo kabla ya sindano ya damu kumgusa.